Unahamia Dodoma? Usifungashe Mzigo wa Dar es Salaam

Anayejiandaa kuhamia Tanzania kutoka Ulaya au Marekani hupewa ushauri uleule kila anapouliza: unakwenda nchi ya joto, jihadhari na unyevu. Nguo zitaota ukungu, vitabu vitavimba, vyuma vitashika kutu, makoti na mablanketi achia wenzio huko huko. Ushauri huo ni wa kweli kabisa kwa Dar es Salaam, kwa Tanga, kwa Unguja. Anayekuja Dodoma anahamia mahali pengine. Akiufuata neno kwa neno ataacha vitu ambavyo angevihitaji sana, na atalipia nauli ya bahari kwa vitu vitakavyomharibikia ndani ya mwaka wa kwanza.

Sisi tulihama na watoto kutoka Hamburg mume wangu alipopata kazi Chuo Kikuu cha Dodoma, na tangu tufike simu hazijakoma. Wifi yangu aliyeko Uholanzi anauliza kuhusu friji. Marafiki walioko Uingereza wanauliza kuhusu gari. Wageni wanaokuja kufanya kazi na mashirika wanauliza kama walete vitanda. Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kasi baada ya 2016, na Dodoma kutangazwa jiji Aprili 2018, wanaoleta maisha yao yote huku kutoka nje wamekuwa wengi. Nawaandikia hao, na nawaandikia kwa urefu, kwa sababu kuhamisha nyumba ni pesa nyingi na inaniuma kuona mtu akizitupa kwa kukosa maelezo.

Kwanza jiografia, maana kila kitu kinatokea hapo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katikati ya nchi, kwenye uwanda mkavu. Mvua inanyesha kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili mwanzoni, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Kuanzia Mei hadi Novemba unaweza usione tone. Katikati ya kipindi hicho upepo unavuma kwa wiki na wiki, unabeba vumbi jekundu na kulipitisha chini ya kila mlango. Hewa inakauka mpaka midomo ya watoto inapasuka. Hapa adui wa samani ni ukavu, vumbi, mchwa na maji ya chumvi. Unyevu unakuja nafasi ya mwisho.

Ila kuna kitu kimoja: mzigo wako haufiki Dodoma kwa kuruka. Unatoka kwenye baridi, unapita baharini, unakaa Dar es Salaam kwenye jua na unyevu wa pwani, halafu ndio unapanda kuja huku. Kwa hiyo unafungasha kwa safari mbili zinazopingana, ya majini na ya ukavuni, na watu wengi hufikiria moja tu.

Ya majini nianze nayo. Kontena ni sanduku la chuma lililofungwa. Hewa iliyofungiwa ndani siku ya kupakia inabaki na unyevu wake, na mbao, kadibodi, magodoro, hata sakafu ya kontena lenyewe, vyote vina maji ndani yake. Meli ikishaingia kwenye bahari ya joto, jua la mchana linalichoma paa na unyevu unatoka kwenye mbao na kadibodi na kujaa hewani. Usiku paa linapoa haraka, ule unyevu unageuka matone, na matone yanadondoka juu ya mzigo. Wasafirishaji wanaiita mvua ya kontena. Jambo hilo linajirudia kila mchana na kila usiku, na safari yenyewe siku hizi si fupi: tangu mwisho wa 2023, meli nyingi zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ilirefuka kwa wiki moja hadi mbili.

Dawa yake ipo na si ghali. Nunua vifuko vya kunyonya unyevu vya kloridi ya kalsiamu, vile vikubwa vya kuning'iniza kwenye kuta za kontena, si vile vidogo vya kwenye maboksi ya viatu. Usipakie siku ya mvua kama unaweza kuiepuka. Nguo zifuliwe na zikauke kabisa siku kadhaa kabla, kwa sababu taulo lenye unyevu kidogo tu linaambukiza boksi zima. Friji na mashine ya kufulia zikaushwe ndani na milango yake iachwe wazi kidogo, iwekewe kitambaa na kufungwa kamba isijibamize. Juu kabisa ya mzigo tandika kadibodi tupu au mablanketi ya zamani yapokee matone.

Na ngozi usiivike nailoni. Hili nililiona kwa macho yangu. Viatu tulivyovifunga wenyewe kwa magazeti vilifika kama vilivyoondoka. Mkoba wa ngozi ambao wafungashaji waliuzungushia nailoni tabaka juu ya tabaka ulifika na ukungu wa kijani kijivu kwenye mishono yote, na harufu yake ilikuwa imeshaingia kwenye nguo zilizokuwa boksi moja nao. Nailoni inafungia unyevu ndani, karatasi inaunyonya. Ukiwalipa watu wa kufungasha, simama pale pale na waambie mapema unavyotaka.

Kama mzigo unawekwa kwenye kreti au paleti za mbao, ziwe na muhuri wa kimataifa wa mbao zilizochomwa joto, herufi HT. Maana yake mbao hizo zilipashwa mpaka ndani kabisa zikafika nyuzi 56 kwa muda wa nusu saa, wadudu wakafa. Mbao bila muhuri huo zinaweza kukuzuilia mzigo bandarini kwa jambo lisilokuwa na maana.

Sasa ya ukavuni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hasara kubwa ilipo na ndipo hakuna anayekuambia.

Tuna meza ya kulia ya mwaloni, ya mama mkwe, ambayo imelisha vizazi. Ilifika salama bila mkwaruzo. Ikakaa vizuri mvua zote. Ilipofika Oktoba, upepo ukiwa umekausha kila kitu, tulisikia mlio usiku kama mtu amevunja fimbo, na asubuhi katikati ya meza kulikuwa na ufa unaoingia ukucha. Nikamwita fundi seremala wa Chang'ombe ya hapa Dodoma, kijana mtaratibu ambaye hakuanza kwa kusema bei. Alilala chini ya meza chali, akawasha tochi ya simu, akakagua skrubu moja moja. Alipotoka alisema, "Mama, mbao inahema. Huku juu wameifunga skrubu pande zote. Ikitaka kusinyaa inakosa pa kwenda, ndio inapasuka." Alizilegeza zote, akayachonga matundu ya skrubu yakawa marefu badala ya duara, akazirudisha bila kukaza mno. Ufa aliujaza kwa unga wa mbao na gundi. Sasa kila kiangazi meza inasinyaa na kila masika inatanuka, na haijapasuka tena.

Mtu mwenye samani za mbao nzima ambazo kweli anazithamini, azilete, lakini kabla hazijaondoka amtafute fundi wa huko huko atazame zimefungwaje, hasa meza, milango ya makabati na chochote chenye ubao mpana. Zikifika, zisiwekwe mkabala na dirisha linalopigwa na jua la saa tisa, wala usiziache chumba kinachopitisha upepo wa Agosti. Zipake mafuta ya mbao mapema. Ala za muziki za mbao ni nyeti kuliko yote: gitaa na fidla zihifadhiwe ndani ya kasha lake pamoja na kifaa kidogo cha kutoa unyevu, na piano ya mbao mimi ningeiuza huko na kununua kinanda cha umeme.

Samani za mbao za kushindiliwa, zile za unga wa mbao na gundi zinazouzwa kwenye maboksi bapa, usizilete hata moja. Zinakufa mara mbili. Unyevu wa kontena unazivimbisha kwenye kingo, na ukizifungua na kuziunganisha upya skrubu hazishiki tena. Halafu unafika mji ambao mafundi wake wanachonga mninga na mkongo mbele yako, kwa kipimo unachotaka, kwa pesa ambayo haifiki nauli ya kuleta kabati lile. Mninga hautishwi na ukavu wa huku, na mchwa hawaupendi. Pita Majengo au Chang'ombe ukaone vitanda vinavyopigwa msasa kando ya barabara. Kumpa kazi fundi wa hapa ni njia nzuri pia ya kuanza kujuana na mji.

Kuhusu vitanda, kumbuka vipimo. Huku godoro ni futi: nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Vitanda vya Ulaya bara vina urefu wa sentimita 200, ambazo ni zaidi ya futi sita na nusu. Ukileta kitanda bila godoro lake utahangaika, na ukileta mashuka ya lastiki bila kitanda chake yatakuwa yanavuka. Leta seti nzima au usilete kabisa.

Mchwa. Mzee jirani yetu, Mgogo aliyezaliwa hapa, alikuja kutusalimia siku ya pili akaona maboksi ya vitabu yamepangwa kwenye sakafu ya stoo. Hakungoja kukaribishwa chai. "Inueni haya leo hii, msilale nayo chini." Tukaleta matofali, tukaweka mbao juu, tukayapandisha na kuyaacha mbali kidogo na ukuta. Mchwa wa huku wanatoka ardhini, wanapita kwenye ufa mdogo wa sakafu au kona ya ukuta, wanajenga njia ya udongo nyembamba na kula kadibodi kutokea chini, kwa hiyo boksi linaonekana zima mpaka unapolinyanyua. Kagua kona za nyumba kila wiki na ukiona mstari wa udongo unapanda, usiufute tu, fuata unakotoka na upige dawa hapo. Mbali na mchwa, vitabu vinaipenda Dodoma. Havivimbi, havinuki, karatasi hazigandani. Mtu mwenye maktaba aje nayo bila hofu, achukue maboksi madogo tu, kwa sababu boksi kubwa la vitabu hakuna kijana atakayelibeba bila kulidondosha.

Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka visimani, hasa vile vya Mzakwe, na ni maji magumu, yenye chumvichumvi. Birika la umeme likitumika miezi michache bila kusafishwa linajenga gamba jeupe chini. Hilo gamba ndilo linaloua mashine za kufulia, hita za maji na mashine za kahawa. Ukileta mashine ya kufulia, na mimi nasema ilete kama ni nzuri, izoeshe siki au asidi ya limau mara kwa mara. Mashine za kuosha vyombo za Ulaya zina sehemu ya kuwekea chumvi maalumu ya kulainisha maji, kwa hiyo leta chumvi hiyo ya kutosha kuanzia.

Tena kuna presha. Nyumba nyingi huku zinatumia maji ya simtanki lililowekwa juu ya mnara. Kila mita kumi za kimo zinatoa baa moja ya presha, na mashine nyingi za kufulia zinahitaji karibu nusu baa ili zijaze maji bila kulalamika. Maana yake tanki liwe juu ya bomba la mashine kwa mita tano hivi. Tanki lililokalishwa juu ya paa la bafu halitoshi, mashine itasubiri maji mpaka ijizime. Pima mnara kabla hujapanga nyumba, au bajeti pampu ndogo.

Na kabla mashine haijaondoka nyumbani kwako, tafuta zile bolti ndefu zilizokuja nayo ilipokuwa mpya, kwa kawaida tatu au nne nyuma, na uzirudishe. Kazi yake ni kulishika pipa la ndani lisitembee. Bila hizo, mawimbi ya bahari na matuta ya barabarani yanalitikisa pipa mpaka springi na mikono yake inachomoka. Kama ulizitupa, agiza nyingine kwa mtengenezaji kabla ya kupakia. Mashine ya kukaushia nguo iache. Nguo zilizoanikwa saa nne asubuhi Dodoma saa sita unazipiga pasi, na kifaa hicho kinakula uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kuliko karibu kila kitu kingine ndani ya nyumba.

Friji, sasa, kwa wifi na wote wanaouliza. Fungua mlango, tafuta kibandiko cha ndani, usome herufi za daraja la hali ya hewa. N imeundwa kwa chumba chenye nyuzi 16 hadi 32. ST inafika 38. T inafika 43. SN inaanzia 10 na kuishia 32. Jiko la Dodoma mchana wa Novemba, jua likiwa limepiga bati tangu asubuhi, linaweza kuipita 32, na friji ya N itakuwa inaunguruma bila kupumzika na nyama haigandi. Yenye ST au T ilete. Yenye N peke yake iuze huko ununue nyingine hapa. Njiani isimame wima, isilazwe, na ikifika iache itulie saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50, sawa na Ulaya, na soketi ni zile za pini tatu bapa za Kiingereza. Wa Uingereza hawabadilishi kitu. Wa Ujerumani na Uholanzi wabadilishe plagi. Wa Marekani, vifaa vyenu ni vya volti 120 na hezi 60, acheni vyote vyenye mota na vyote vya kupashia joto. Kompyuta na chaja za simu nyingi zinakubali kote, soma kibandiko chake. Kila mtu anunue stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, kwa friji na televisheni, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndipo vifaa vinapoungua.

Halafu mablanketi! Juni na Julai usiku Dodoma kuna baridi ya kweli, nyuzi zinashuka hadi 13 au 14, na nyumba hazina joto la ukutani wala madirisha ya vioo viwili viwili. Leta mablanketi, sweta za watoto, soksi nzito, jaketi la asubuhi. Makoti ya theluji ndiyo ya kuacha.

Forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kwenye Jedwali la Tano, inampa nafuu anayehamisha makazi: vyombo vyake na vya nyumbani kwake alivyokuwa akivitumia kule alikotoka vinaingia bila ushuru wa forodha. Gari moja pia, kama alilimiliki na kulitumia mwenyewe nje ya Jumuiya kwa miezi 12 au zaidi kabla ya kulisafirisha, na ana umri wa miaka 18 kwenda juu. Miezi ya gari kuwa melini haihesabiwi. Mzigo usipofuatana nawe, unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu ufike wewe, na Kamishna wa forodha anaweza kuongeza muda lakini usizidi siku 360. Kwa hiyo anayetangulia kwa ndege na kuacha vyombo stoo "mpaka tutulie" anacheza na kalenda.

Wakala wa forodha mtafute mapema, mwenye leseni, na bei yote muandikiane kabla meli haijang'oa nanga. Atakuomba pasipoti, TIN (namba ya mlipakodi), hati ya shehena, barua ya kazi au kibali cha ukaazi kwa mgeni, na orodha ya vitu. Orodha hiyo ndiyo roho ya shughuli. Kila boksi liwe na namba iliyoandikwa pande tatu, na karatasi iseme ndani kuna nini, kimetumika au kipya, na thamani yake kwa ukweli. "Vitu vya jikoni" haitoshi, andika sufuria, sahani, mashine ya kusaga. Afisa anapoamua kufungua mzigo kwa ukaguzi, orodha safi inamwonyesha haraka kwamba hii ni nyumba ya watu na si duka. Funguo za makabati na masanduku zifungwe pamoja na ziende kwa wakala, zisibaki mfukoni kwako Dodoma.

Hapo ndipo linapokuja jambo gumu kuliko samani zote: mizigo ya watu. Ukishasema una kontena, kila mtu anakuwa na kaboksi kamoja. "Dada, ni televisheni tu ya mama." "Shemeji, tairi nne hazichukui nafasi." Kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33 hivi, na ni kweli nafasi inaonekana ipo. Lakini nafuu ya forodha ni kwa vitu vyako ulivyovitumia. Televisheni tatu mpya ndani ya maboksi yake na tairi za mtu wa Singida zinaugeuza mzigo wako wote kuwa wa kutiliwa shaka, na wewe ndiye uliyesaini. Mimi niliwaambia ndugu zangu kwa heshima kwamba hapana, na nikawaeleza sababu. Waliokasirika walinielewa baadaye. Anayetaka kumtumia mama televisheni, kuna makontena ya kuchangia yanayoondoka kila mara kutoka miji ya Ulaya, alipe nafasi yake na ushuru wake.

Bima kata, na uulize kama inagusa hasara ya pamoja. Sheria ya bahari ya zamani inasema meli ikipata janga, gharama ya kuiokoa inagawanywa kati ya mwenye meli na wenye mizigo wote, hata ambao mzigo wao haukuguswa. Meli ya Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, na wenye mizigo walitakiwa kuweka dhamana kabla ya kupewa makontena yao. Mwenye bima aliiachia kampuni yake ishughulike.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita 450 hivi kwa barabara, kupitia Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo na Kibaigwa. Una njia mbili. Ya kwanza, kontena linafunguliwa Dar, vitu vinahamishiwa kwenye lori la Fuso na kufunikwa turubai. Ni nafuu, na huna deni la kurudisha kontena tupu. Lakini kila kitu kinashikwa mara mbili zaidi, na kwenye kushikwashikwa ndipo vyombo vinapovunjika na vidogo vinapopotea. Ya pili, kontena linakuja na sili yake, ile lakiri ya mlangoni, hadi nyumbani kwako. Mimi nashauri hii kwa yeyote mwenye nyumba nzima, ilimradi mambo mawili yawe wazi: siku ulizopewa bure na kampuni ya meli kabla ya kuanza kutozwa kwa dola kila siku, na njia ya kufika kwako.

Njia ndiyo wengi hawaitazami. Mitaa mipya ya Iyumbu, Nzuguni au Mkonze ina barabara nyingi za udongo, kona kali, na nyaya za umeme zilizolegea kuingia nyumbani kwa watu. Tembea kwa miguu kutoka lami hadi getini pamoja na dereva au mtu wake, mtazame juu, mtazame mifereji. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.6 na lile refu 2.9, na hapo bado hujaweka tela. Kama tela haliingii, kodi Kenta mbili, yale malori madogo, zisubiri kwenye lami, mhamishe kwa awamu.

Siku ya kushusha hakuna winchi. Sakafu ya kontena juu ya tela iko usawa wa kifua, na vijana wanapokea kwa mikono. Elewana nao bei ya kazi nzima kabla ya kuvunja sili, wape maji na chakula, na usimamie mwenyewe mlangoni na orodha yako ukiweka tiki kila namba inayoshuka huku mwenzio akiwaelekeza ndani chumba gani. Magodoro yashuke mwanzo yalazwe chini kwa ajili ya vitu vizito. Kilichovunjika kipige picha hapo hapo kikiwa bado kwenye boksi lake, maana bima wataomba hiyo picha.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, panga mzigo ufike Dodoma Mei au Juni. Mvua zimekatika, barabara za mitaani zimekauka, vumbi kubwa halijaanza, na mbao zako zinapata miezi ya kuzoea hewa kabla ya Oktoba. Hesabu kurudi nyuma na utaona kwamba kupakia kunatakiwa kuwe mwezi wa pili au wa tatu, kukiwa bado baridi huko, na kwamba familia isiruke mapema mno kwa sababu ya zile siku 90.

Vya wiki za kwanza visiingie kontenani. Vyeti vyote vya shule na vya kuzaliwa, kadi za chanjo, dawa, kompyuta, sweta za watoto na mashuka mawili mawili viwe kwenye mabegi ya ndege. Ukitua Dar unapanda treni ya SGR, ambayo tangu katikati ya 2024 inaleta abiria hadi Dodoma, na jioni ile ile uko nyumbani. Chandarua, ndoo, jiko la gesi na sufuria mbili utavipata Majengo kabla hakujachwa.